Mkate Uumuke, Kitabu Kisomwe: Shajara ya Jikoni, Mtwara

Mwishoni mwa Mei, nikiwa nasahihisha insha za kidato cha tatu, nilijiuliza ni kitabu gani nilichokisoma tangu mwaka uanze ambacho hakikuwa cha mtaala, na sikupata jibu. Wiki hiyohiyo Bibi, ambaye ninaishi naye hapa Chikongola pamoja na mdogo wangu wa kiume, aliusogeza kando mkate wa dukani niliomletea na chai, akasema kwamba mkate huo hauna mwenyewe. Alikuwa na maana kwamba umekuja umekatwakatwa ndani ya nailoni na hakuna ajuaye nani aliukanda. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja akilini mwangu hadi yakawa mradi. Kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba, kila Jumamosi nitakayoipata, nitaoka mkate mmoja nyumbani, na muda wa kusubiri unga uumuke nitautumia kusoma riwaya, si kushika simu. Usiku, umeme ukiwapo, tutatazama filamu sisi watatu kwenye kompyuta yangu. Nitaandika matokeo kwa tarehe, ya mkate na ya kitabu kwa pamoja.

Sina oveni. Nina majiko mawili ya mkaa, sufuria nzito ya kupikia pilau, mfuniko bapa wa bati, mchanga wa mtoni uliooshwa na kuanikwa, kopo refu la kuokea, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma hadi gramu moja.

8 Juni

Nimeanza na mkate mweupe wa kawaida, ule ambao wazee wa pwani huuita boflo: unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300, hamira gramu 7, chumvi gramu 9 na sukari gramu 20. Nilikanda kwa robo saa hadi donge likaacha kunata mikononi. Kusi linavuma na asubuhi za siku hizi zina ubaridi, kwa hiyo donge lilichukua saa moja na dakika hamsini kuwa maradufu, ingawa maelezo ya pakiti ya hamira yanasema saa moja. Kuchelewa huko kulinifaa, kwa kuwa nilikuwa nimefungua Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Tafsiri hiyo ni kazi ya Ida Hadjivayanis na ilichapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Nilisoma bila kuinua kichwa hadi unga ulipoanza kusukuma kitambaa nilichoufunikia.

Mkate wenyewe haukufaulu. Kitako kiliungua kabisa na uso ukabaki mweupe na mbichi. Bibi aliugeuza, akautazama, akaniambia kwa upole: "Mjukuu wangu, huu umeuchemsha. Moto wa chini unapasha tu, wa juu ndio unaooka."

15 Juni

Leo nimelifuata neno la Bibi kwa kipimo. Nilitandaza mchanga wa kina cha vidole viwili ndani ya sufuria, nikapanga mawe matatu yenye ukubwa sawa, na juu yake nikakalisha kopo lililopakwa samli. Kati ya vipande thelathini vya makaa yaliyoshika vizuri, kumi nilivibakiza chini na ishirini nikavipalia juu ya mfuniko, vingi vikiwa pembezoni kuliko katikati, kwa sababu katikati ya mfuniko joto hujikusanya lenyewe. Kabla ya kuuweka mkate nilijaribu moto kwa njia ambayo Bibi aliikuta kwa mama yake, yaani kuweka kijiko kimoja cha unga mkavu kwenye kifuniko cha kopo ndani ya sufuria na kuhesabu dakika tano. Unga ukibaki mweupe, moto haujatosha. Ukiwa mweusi, makaa yapunguzwe. Ukipata rangi ya chai ya maziwa, mkate uingie. Wangu ulipata rangi ya chai ya maziwa.

Mkate uliiva kwa dakika arobaini na mbili. Ulivimba, ukapasuka upande mmoja, na nilipoutoa na kuugonga kitako ulitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, ambayo ndiyo dalili ya kuiva. Nililazimika kumzuia mdogo wangu asiukate papo hapo, kwa maana mkate wa moto bado unaendelea kujikausha ndani, na kisu kikipita mapema nyama yake hushikana kama ugali. Tulisubiri saa nzima.

Katika saa hiyo nilirudi mwanzoni mwa Peponi, mahali ambapo mfanyabiashara Aziz anakuja kuitembelea familia ya mtoto Yusuf. Nyumba nzima hugeuka siku hiyo. Chakula kinapikwa kwa wingi kwa ajili ya mgeni, na mtoto ambaye siku nyingine hushinda na njaa anangojea mabaki yake. Nilipoisoma sehemu hii kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza, nikiwa chuoni, nilimtazama mgeni na mtoto, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapotega deni ambalo Yusuf atatolewa rehani kwa ajili yake. Leo, nikiwa na unga kwenye kucha, nilimtazama mama. Yeye ndiye aliyeamka kupika vyote vile. Baada ya Yusuf kupelekwa, mama huyo anabaki katika kumbukumbu tu, na jiko lake halionekani tena. Sisemi kwamba mwandishi amekosea, kwani upotevu huo ndio uchungu wenyewe wa kitabu. Ninasema tu kwamba nimepita hapo miaka yote bila kumwona mtu aliyesimama mbele ya moto. Kwa hiyo nimejiwekea desturi: kila chakula kinapotokea katika riwaya ninayoisoma, nitaweka alama ya penseli pembeni na kuuliza nani alikipika.

22 Juni

Vipimo vilevile, ila mililita 320 za tui jepesi badala ya maji. Mkate ulikuwa laini zaidi na ulikaa siku tatu bila kukauka, kwa sababu ya mafuta ya nazi. Umeme ulikatika saa moja na nusu jioni ukarudi alfajiri, kwa hiyo filamu haikuwapo. Nilimsomea Bibi kurasa kumi na tano za safari ya msafara wa Aziz kuelekea bara kwa mwanga wa taa ya kuchaji. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali moja: wapagazi walikuwa wanapikiwa na nani?

6 Julai

Huku kwetu kusini unga wa nyumbani ni wa muhogo, na tangu nilipoanza mradi huu nimekuwa nikitamani mkate ambao angalau sehemu yake imetoka katika ardhi tunayoikanyaga. Tuliletewa makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, kutoka kwa ndugu zetu wa Tandahimba. Bibi aliyakagua kipande kimoja kimoja, akatupa yaliyoota ukungu, mdogo wangu akayatwanga kwenye kinu, nami nikachekecha mara tatu hadi unga ukawa laini kama poda. Nilichanganya gramu 100 za muhogo na gramu 400 za ngano, bila kubadilisha kitu kingine.

Donge lilikuwa jepesi kukanda na halikuvimba sana, lakini mkate ulisimama vizuri. Ganda lake lilikuwa gumu na la kupendeza, na ndani kulikuwa na utamu wa mbali ambao mkate wa ngano tupu hauna. Nimeuandika kuwa mkate bora zaidi hadi sasa. Bibi alikula vipande viwili na chai ya rangi, akasema huu sasa unafanana na watu wa hapa.

13 Julai

Nilizidisha kwa tamaa: muhogo gramu 200, ngano gramu 300. Mkate haukuumuka ipasavyo, ukapasuka juu kama tope lililokauka, na ndani ukawa mzito wa kunata. Sababu yake inaeleweka. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hufungamana kuwa utando unaonyumbuka, uitwao gluteni, na utando huo ndio unaoshika hewa inayotolewa na hamira kama puto linavyoshika pumzi. Muhogo hauna gluteni. Sehemu moja ya muhogo kati ya tano, utando bado unaweza kuibeba. Sehemu mbili kati ya tano, hewa hutoroka. Nitabaki kwenye gramu 100.

20 Julai

Mfuko mpya wa ngano wa kilo 25 umenifanya nichague kitabu cha pili. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje ya nchi kwa meli. Basi kabla unga huu haujafika kwenye sinia langu, kuna bandari ambayo ngano yake ilipita, na kuna watu waliosimama kwenye gati ikipita. Nikarudia kusoma Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979 kuhusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wa mwaka 1948.

Kuisoma riwaya hii katika mji wenye bandari ni jambo tofauti na kuisoma darasani. Madirisha yakiwa wazi usiku, msimu wa korosho unapochanganya, husikika kwetu mngurumo wa malori yanayoteremka kuelekea gatini, na neno "mzigo" linaacha kuwa neno la kitabuni. Ninaamini nguvu ya riwaya hii ni kwamba inaujua uzito wa kazi ya mwili, na inajua kwamba mtu aliyechoka ana akili timamu kama mtu aliyepumzika. Hata hivyo nimejikuta nikiulaumu ufundishaji wetu, wangu ukiwamo. Tunawauliza wanafunzi dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Hatuwaulizi mchukuzi alitoka nyumbani asubuhi ile akiwa amekula nini, na nani aliamka kabla yake kumpikia. Mgomo ni siku bila ujira, na siku bila ujira huanza kujulikana jikoni. Muhula ujao nitalitoa swali hilo darasani na kuona wanafunzi watapata nini katika kurasa.

Mkate wa leo ulikuwa wa muhogo kwa gramu 100, nao ulitoka vizuri.

3 Agosti

Wiki iliyopita sikuoka kwa sababu ya kazi za shule. Leo tumetengeneza mkate wa mayai: mayai sita, sukari gramu 180, unga wa ngano gramu 180 na iliki punje nane zilizotwangwa. Mkate huu hauna hamira wala mafuta, na kinachouinua ni hewa inayopigwa ndani ya mayai, ndiyo maana kazi yote iko mkononi. Mdogo wangu alipiga mayai na sukari kwa uma mbili zilizofungwa pamoja, kwa dakika ishirini na tano, hadi yakawa meupe na mazito kiasi kwamba yakidondoka yanaacha mstari juu ya uso. Unga nilikuwa nautia kidogo kidogo na kuukunja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, maana ukikorogwa hewa yote hupotea. Moto ulikuwa mdogo kuliko wa boflo, na uliiva kwa nusu saa.

Umeme ulikuwapo. Tulitazama filamu ya Kidenmaki ya mwaka 1987, Babettes gæstebud, yaani Karamu ya Babette, iliyopata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 1988. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria Bibi moja kwa moja, kama wafanyavyo wale watafsiri wa vibanda vya video, ingawa kwa sauti ya chini. Hadithi iliandikwa na Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931. Yeye aliiweka Norway, na mwongozaji Gabriel Axel akaihamishia pwani ya Jutland, mahali pa upepo, mchanga na nyumba chache, ambapo dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji, wanaishi maisha ya kujinyima. Mwanamke aitwaye Babette anafika kwao akikimbia umwagaji damu wa Paris wa mwaka 1871, naye anawatumikia kama mpishi bila mshahara kwa miaka kumi na minne.

Mwanzoni dada hao wanamfundisha kupika chakula cha kwao: samaki mkavu aliyelowekwa, na uji wa mkate uliochemshwa na bia. Bibi alipoona samaki wale wamepasuliwa na kuanikwa alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akasema, "Hiyo ni ng'onda." Kuanzia hapo hakuwa mgeni tena katika filamu ile. Babette anashinda faranga elfu kumi katika bahati nasibu ya Ufaransa, anaomba ruhusa ya kupika karamu moja ya Kifaransa, na vitu vinaanza kuteremshwa kutoka kwenye mashua: divai, tombo walio hai ndani ya tundu, na kasa mkubwa. Mdogo wangu alishangaa kwamba kasa anapikwa supu. Bibi akamweleza kwamba hata huku aliliwa zamani, kabla ya sheria za kumlinda, na kabla Msimbati haijawa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyoanzishwa mwaka 2000.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba filamu hii haifanyi haraka jikoni. Tunaona kitambaa cha meza kikipigwa pasi, sufuria zikihamishwa, mvuke, jasho, kijana mdogo akielekezwa glasi ipi ijazwe na lini, na mwendesha gari la farasi wa jenerali mmoja aliyealikwa akipewa sahani palepale jikoni na kula kwa furaha kuliko mgeni yeyote aliye mezani. Kamera inakwenda na kurudi baina ya vyumba viwili, na kwa mara ya kwanza katika mradi huu swali langu la penseli lilijibiwa kabla sijaliuliza. Wageni wa mezani walikuwa wameapa kutosema neno lolote kuhusu chakula, kwa kuogopa kwamba anasa itawapotosha. Bibi hakulikubali jambo hilo hata kidogo. Kwake yeye, mtu aliyekupikia anangoja neno lako, na kumnyima neno hilo si ucha Mungu.

Mwishoni inajulikana kwamba Babette ametumia faranga zote elfu kumi kwa mlo ule mmoja wa watu kumi na wawili. Mdogo wangu alisikitika, akasema fedha zimepotea. Bibi alinyamaza hadi majina ya mwisho yalipoanza kupita, kisha akamjibu: "Hazikupotea, mwanangu. Miaka kumi na minne alikuwa anapika chakula chao. Siku moja amepika chakula chake."

10 Agosti

Sikuoka leo. Ninaandika kwa sababu filamu ya wiki iliyopita imefungua jambo ambalo sikuwa nalijua kwa miaka yote niliyoishi na Bibi.

Asubuhi, akiwa anachambua mchele, aliniambia kwamba mama yake alikuwa mwokaji. Katika miaka ya 1950, Bibi akiwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, waliishi karibu na bandari, wakati ambapo Mtwara ulikuwa mji mpya wenye gati la kina kirefu na reli iliyokwenda Nachingwea, vyote vikiwa vimejengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa serikali ya kikoloni. Mpango ulianza mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, lakini bandari ilibaki na reli iliendelea kufanya kazi hadi ilipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mama yake aliamka saa tisa usiku, akaoka mikate ya kumimina, ile ya mchele na nazi, kwa makaa juu na makaa chini, na alfajiri Bibi akaibeba kwenye sinia hadi kwa vibarua wa gatini na wa reli. Kipande kimoja kiliuzwa senti kumi. Senti za wakati ule zilikuwa na tundu katikati, na Bibi alizitunga kwenye uzi wa katani, akarudi nyumbani uzi ukiwa shingoni.

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kunisimulia. Alisema hakuna aliyemwuliza, na kwamba alidhani mikate si historia.

Jumatatu nitaazima vitabu vya historia katika maktaba ya shule.

17 Agosti

Nimesoma vitabu viwili. Vinataja hekta, mvua, matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Kimoja kina picha ya gati likijengwa, na ndani yake kuna wanaume kama arobaini wamebeba sululu na karai. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu nikijua sasa kwamba watu arobaini hawafanyi kazi ya namna ile bila kula, na kwamba upo mkono uliowapikia. Hakuna sentensi moja juu ya mkono huo. Sikuhitaji penseli.

Kuanzia leo mradi umebadilika. Mikate mingine isubiri, nami nitatafuta mkate wa mama yake Bibi hadi niupate.

24 Agosti

Kikwazo cha kwanza ni vipimo. Bibi anasema "mchele kibaba, nazi mbili, sukari ya kutosha". Nilimwomba atafute kopo analolihesabu kuwa kibaba, akalitoa chini ya kitanda. Nilipima mara tatu: mchele uliosawazishwa mdomoni ulikuwa gramu 640, 655 na 645. Nimeandika 650.

Kikwazo cha pili ni hamira. Ya dukani ilikuwa ghali na haikupatikana kila wakati, kwa hiyo waokaji wengine walitia tembo la mnazi, yaani pombe ya mnazi. Mama yake Bibi, aliyekuwa mtu wa swala, hakupenda kufanya hivyo. Alibakiza kila siku vijiko vichache vya uji wa mkate ndani ya kifuu cha nazi, akaufunika kwa jani la mgomba, na kesho yake akautumia kuumulia uji mpya. Chachu hiyo ndiyo tunayotakiwa kuiumba upya.

28 Agosti

Siku nne za chachu. Nilisaga mchele uliolowekwa usiku kucha, nikauchanganya na maji hadi ukawa uji mzito, nikauacha kwenye kifuu kivulini, na kila asubuhi nikaulisha vijiko viwili vya mchele mpya uliosagwa. Siku ya kwanza hapakuwa na kitu. Siku ya pili vilitokea vipovu vidogo pembezoni. Siku ya tatu harufu ilikuwa kali na nilitaka kuumwaga, Bibi akanikataza. Leo harufu imetulia, ni ya uchachu safi kama wa togwa, na uso wote umejaa vipovu.

31 Agosti

Jaribio la kwanza: mchele gramu 650 uliolowekwa na kusagwa, tui zito la nazi mbili, sukari gramu 200, chachu vijiko vinne. Uji uliumuka kwa saa saba, na katika saa hizo nilimaliza Kuli. Nilipakaza samli kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto, nikamimina, nikaacha moto wa chini dakika tano ili kitako kishike, kisha nikapunguza chini na kupalia juu. Rangi ilikuwa nzuri, ya dhahabu, lakini ndani mkate ulikuwa umeshikana bila vitundu. Bibi alisema uji ulikuwa mzito mno, na kwamba mama yake alikuwa akiuinua kwa upawa na kuutazama ukishuka: ushuke kama samli iliyoyeyuka, si kama asali.

14 Septemba

Tui liliongezwa kwa mililita 150. Vitundu vimetokea, vidogo na vilivyosambaa sawasawa, na mkate unabonyea na kurudi. Uchachu umezidi kidogo, kwa kuwa nililala usingizi na uji ukaumuka saa kumi badala ya saba. Tuliula wote hata hivyo, na jirani akatuma mtoto kuomba kipande cha pili.

5 Oktoba

Kusi limekatika na joto limepanda. Uji ulioumuka kwa saa saba mwezi Agosti sasa unahitaji saa nne na nusu, na nimejifunza kutotazama saa bali kutazama vipovu, maana chachu haina habari na daftari langu. Mikorosho imeanza kudondosha, harufu ya mabibo imefika hadi mtaani, na nusu ya majirani wamekwenda mashambani kuokota. Nimewapa mikate miwili ya kwenda nayo, mmoja wa muhogo na mmoja wa kumimina.

Usiku sikutazama filamu. Nilifungua daftari jipya, nikamwomba Bibi anisimulie siku moja ya mama yake kuanzia saa tisa usiku hadi jua linapozama, bila kuruka kitu. Tulifika alfajiri tu, kwenye sinia na njia ya kwenda gatini, akachoka. Nimejaza kurasa sita. Jina la mama yake, ambalo Bibi alilitamka polepole mara mbili ili nisilikosee, nimeliandika kwa wino juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake vipimo: mchele 650, tui mililita 800, sukari 200, chachu vijiko vinne.

12 Oktoba

Mkate wa leo ulikatwa saa kumi na moja jioni. Bibi alichukua kipande cha katikati, akakitafuna kwa muda mrefu macho yakiwa nje ya mlango, nami sikumharakisha. Alipomaliza alisema kitako ndicho, vitundu ndivyo, na uchachu ndio. Kisha akafikiri kidogo.

"Iliki," akasema. "Mama hakuichanganya na uji. Aliinyunyiza juu, ukisha kushika, kabla ya kupalia."

Nimebakiza vijiko vinne kwenye kifuu kwa ajili ya Jumamosi ijayo.